Kabla Hujaita Kirikuu

Ukimaliza kulipia nondo kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, kazi ya kuzifikisha Chanika, Goba au Kivule huonekana ndogo. Nje kirikuu zimepanga foleni, na kila suka anakutazama kama mtu mnayefahamiana. Mnataja bei, mnavutana, inashuka kidogo. Vibarua wanazikunja nondo katikati, wanazitupia kwenye bodi, na nyuma zinatokeza urefu unaolizidi gari lenyewe. Inapitishwa kamba ya manila, linapigwa fundo, kisha mtu anachana kipande cha fulana nyekundu na kukining'iniza kwenye ncha. Ukionyesha wasiwasi, jibu liko tayari: "Bosi, inabebeka hiyo."

Inabebeka, kwa maana kwamba gari litaondoka pale dukani. Lakini kufikia hapo karibu maamuzi yote yanayoufanya mzigo mrefu uwe salama yamekwisha kupita, na hakuna aliyeyafanya. Barabarani dereva anabaki na kazi ya kupunguza madhara tu: aende polepole, apige honi, aombe Mungu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya ushauri huu namwelekezea mwenye mzigo, yaani wewe unayejenga. Wewe ndiye unayechagua kinunuliwe nini, kikatwe wapi na kipande gari gani. Suka anapokea ulichokwisha kuamua, na ukimbana bei atakipokea bila kubisha.

Anza na futi kamba. Nondo hutoka kiwandani na urefu wa mita 12. Ukizikunja mara moja zinabaki mita 6. Mabomba mengi ya chuma na ya plastiki ni mita 6 pia. Mbao ya futi 12 ni mita 3.66, na bati la kawaida la futi 10 ni kama mita 3. Sasa pima gari. Kirikuu nyingi tulizonazo ni Suzuki Carry zilizotumika Japani. Ni gari la daraja dogo ambalo sheria za huko zinalibana lisizidi mita 3.4 kwa urefu, na bodi yake ina takriban mita 1.94. Mzigo wa mita 6 ukiuanzisha kwenye ukuta wa mbele wa bodi hiyo, mita 4 zote zinaning'inia hewani. Kwa maneno mengine, mkia ni mrefu kuliko ng'ombe.

Tatizo la kwanza la mkia huo ni uzito, hata kabla hujafikiria nani atachomwa. Fungu la nondo zilizo sawasawa lina kitovu chake cha uzito katikati. Kwa mita 6 kitovu kiko mita 3 kutoka ncha ya mbele, na bodi yetu imeishia mita 1.94. Kitovu cha mzigo wako kiko zaidi ya mita moja nje ya gari. Kinachouzuia usipinduke nyuma ni kamba iliyofungwa mbele, na wakati mwingine utingo aliyekalishwa juu ya nondo awe jiwe la kukandamizia. Magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, usukani unakuwa kama haujaunganishwa na kitu, na kwenye tuta gari linainua pua. Gurudumu lisilokandamizwa halikati kona vizuri na halishiki breki vizuri.

Hesabu ya kilo nayo ni rahisi, na kila anayejenga angeijua ingemwokolea mengi. Chukua kipenyo cha nondo kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, gawanya kwa 162. Jibu ni kilo kwa kila mita. Nondo ya milimita 12, ikiwa kweli ni ya 12, inapata kilo 0.89 kwa mita, yaani karibu kilo 10.7 kwa nondo nzima. Ya 16 inafika kilo 19. Kirikuu za daraja hilo kule Japani zinaruhusiwa kubeba kilo 350. Nondo 32 za milimita 12 tayari ni kilo 341. Ukiongezea mifuko minne ya saruji kwa kuwa "nafasi bado ipo", umepakia mzigo wa gari moja na nusu.

Kisha kuna kulegea. Watu hudhani nondo zinaburuzika lami kwa sababu kamba ilifungwa vibaya, kumbe kosa ni la urefu. Fimbo ya chuma iliyoshikwa upande mmoja hujipinda kwa uzito wake yenyewe, na kupinda huko hakuongezeki sambamba na urefu. Ukizidisha urefu mara mbili, kupinda kunakua mara 16. Nondo moja ya milimita 12 ikitokeza mita 2 inashuka kama sentimita 9, jambo ambalo hata hulioni. Ikitokeza mita 4, hesabu hiyohiyo inatoa zaidi ya mita 1.3, ilhali sakafu ya bodi ya kirikuu haifiki hata mita moja kutoka ardhini. Lazima iguse lami. Fungu lililokazwa barabara hujipinda kidogo kuliko nondo moja moja, ila hiyo ni gari likiwa limesimama. Likianza kurukaruka kwenye mashimo, mkia unacheza juu na chini, na kila mtikisiko unalegeza fundo.

Sasa turudi kaunta, penye dawa. Kabla hujalipa, mwombe fundi wako orodha ya vipande: nguzo zinataka nondo za urefu gani, ngapi, lenta ngapi, ringi za milimita nane zinatoka urefu gani. Fundi anayeijua kazi yake anaiandika orodha hiyo kwa nusu saa. Asiyeweza kuiandika amekupa habari muhimu kuhusu nguzo zako. Ukiishika hiyo orodha utagundua kwamba sehemu kubwa ya nondo hizo zingekatwa tu baada ya kufika. Nguzo ya chumba cha kawaida haivuki mita tatu na kitu, pamoja na kile kipande cha kuungia. Kuna haja gani ya kuisafirisha ikiwa na mita 12 halafu uikate kwa msumeno chini ya mwembe? Maduka mengi ya nondo yana mkasi wa kukatia au grainda mlangoni, na kijana wa kukata haombi pesa nyingi.

Usikate kila kitu lakini. Nondo za msingi na za lenta ndefu zinahitaji urefu, na kila unapokata unajiwekea deni la kuunganisha. Viungo vya kulaza nondo juu ya nondo huchukua mara 40 hadi 50 ya kipenyo, kwa hiyo kwa milimita 12 unapoteza kama nusu mita kila mahali unapounga. Zaidi ya hapo, maungio hayapaswi kuangukia mahali pamoja. Haya aamue fundi au mhandisi. Asiamue suka, wala mkasi. Zile ndefu zitenge, zitafutie gari lake.

Kuhusu kukunja, nina ugomvi nako. Nondo za siku hizi zenye mbavu ni chuma kigumu. Viwango vya ujenzi vya Uingereza, ambavyo wahandisi wetu wengi wamesomea, vinataka nondo ya hadi milimita 16 ikunjwe kuzunguka kitu chenye kipenyo kisichopungua mara nne ya kipenyo cha nondo yenyewe. Vibarua wanaoikanyaga kwenye ukingo wa mtaro hawana kipimo hicho. Wanaikunja kama waya, na ukifika kiwanjani unainyoosha kwa nyundo palepale ilipokunjika. Chuma kilichokunjwa kwa ukali na kunyooshwa baridi kinaweza kupata nyufa zisizoonekana. Kama lazima ukunje, omba kona pana iliyo mviringo, umwambie fundi sehemu ile ikatwe na itumike kwenye ringi au vipande vidogo, isiachwe katikati ya boriti inayobeba ghorofa.

Jambo hili la kupanga urefu kabla ya kukata, mababu wa pwani walilijua kwa njia yao. Vyumba vya nyumba za kale za Lamu na Zanzibar ni vyembamba, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu huo ndio urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Boriti hizohizo zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni na Ghuba, na nyumba za huko nazo zikapata vyumba vya upana uleule. Mti, chombo na nyumba vilikubaliana kipimo kabla shoka halijainuliwa. Sisi tunanunua kwanza halafu ndiyo tunaanza kuuliza kama gari litatosha.

Gari sahihi kwa mita 6 ni lile ambalo kitovu cha mzigo hakivuki ekseli ya nyuma kwenda nje. Canter yenye bodi ya mita 4 na kidogo inaweza: mkia unabaki chini ya mita 2, na kitovu kinaangukia karibu na ekseli. Fuso inaumeza mzigo wote ukalala ndani. Kwa nondo zisizokunjwa, za mita 12, tafuta tela refu au mwachie muuzaji azilete kwa utaratibu wake. Nguzo za umeme zinazoshuka kutoka Mufindi hupandishwa kwenye semi-tela, na mwenye kiwanda anayeongeza gharama hiyo hana huruma kutuzidi sisi. Amepiga hesabu tu. Kwa matumizi ya kila siku mimi nina kipimo changu, ambacho si cha sheria: kinachoning'inia kisizidi theluthi ya urefu wa mzigo. Mabati ya mita 3 juu ya kirikuu yanagusa mpaka huo. Mbao za futi 12 zinauvuka, isipokuwa zipandishwe juu ya keria ya kichwa na kulala mteremko hadi nyuma, ili urefu ugawanyike pande mbili. Hata hapo angalia ncha ya mbele isizibe kioo cha dereva.

Najua pingamizi lako: Canter ni ghali. Ni ghali ukiikodi peke yako. Lakini mtaani kwako hamkosekani watu wawili watatu mnaojenga kwa wakati mmoja, na mkipanga siku moja ya kununua, nauli ya Fuso mkiigawana inaweza kushindana na ya kirikuu tatu. Waulize pia wenye duka. Wengi wana gari linaloshusha mizigo ya wateja wa upande mmoja siku fulani za wiki, ila hawatangazi, kwa kuwa wateja hutoka na haraka zao.

Tufike kwenye kufunga. Nondo, mabomba na mbao hukimbilia mbele dereva akikanyaga breki. Viwango vya Ulaya vya kufunga mizigo vinataka vifungo viweze kuzuia nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wa mzigo upande wa mbele, na asilimia 50 pembeni na nyuma. Kwa kilo zetu 341, hiyo ni nguvu ya kilo 270 na ushee inayosukuma kuelekea kwenye viti. Mpira wa tyubu hauzuii nguvu hiyo, kwa sababu unavutika, na mzigo ukishaanza kusogea tayari umeshinda. Mpira utumie kushikia turubai. Manila nzuri inafaa ikiwa mpya na imekazwa kwa kijiti. Bora zaidi ni ile mikanda ya kukazia yenye meno ambayo madereva wa malori makubwa wanayo. Bei yake ukiilinganisha na nondo moja hutaona sababu ya kukosa miwili.

Kosa linalofanyika karibu kila mahali ni kupitisha kamba juu ya fungu tu, kutoka upande huu wa bodi hadi ule. Nondo za juu zinabanwa, za katikati zinabaki huru, na breki ikishikwa zinachomoka kama mishale kutoka ndani ya fungu. Kamba inatakiwa ilizunguke fungu lote, tena mara mbili, na kuvutwa hadi nondo zigombanie nafasi. Fanya hivyo mahali pasipopungua vitatu kabla hata ya kulifunga fungu kwenye gari. Waya wa kufungia nondo unatosha kwa hatua hii ya kwanza, na ushaununua. Nondo zilizokunjwa, upande wa kona uelekee mbele, uegemee ukuta wa bodi na ubao mnene katikati. Kona butu haitoboi, nayo inazuia fungu lisiteleze. Ncha kali zitakuwa nyuma, na hizo nitazirudia.

Mabomba yana ujanja wake. Plastiki inateleza, ni nyepesi, kwa hiyo watu huidharau, na mabomba madogo yaliyochomekwa ndani ya makubwa ili kuokoa nafasi hutoka yenyewe njiani. Pitisha kamba ndani ya bomba, itokee upande wa pili, irudi ifungwe mbele. Fanya hivyo kwa mabomba mawili matatu ya nje na mengine yabane katikati. Mirunda na nguzo za miti, upande mnene uwe mbele, maana ndiko uzito uliko.

Mabati ndiyo yanayonitisha kuliko yote. Nondo inachoma mtu mmoja, lakini bati likipeperuka hujui litatua wapi. Upepo ukipenya chini ya bati la juu kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, unalifanya bawa. Yalaze juu ya mbao mbili tatu zilizonyooka, yafungwe pamoja kwa kamba za upana na za urefu, na ncha ya mbele izibwe kwa ubao au turubai ili upepo usipate mlango. Kona zikunjiwe matambara. Mabati ya kukatwa kwa kipimo, ya mita sita saba, usiyaweke kwenye gari dogo kabisa. Ulizia usafiri wa kiwanda siku unayotoa oda. Na mabati yaliyolazwa mapajani kwa abiria wa bodaboda ni wembe unaopita katikati ya watu. Sina ushauri wa kuliboresha hilo.

Sasa zile ncha. Simama mita kumi nyuma ya gari lililopakia nondo, uchuchumae kidogo upate usawa wa macho ya mwendesha bodaboda. Huoni fimbo. Unaona vidoto. Nondo ya milimita 12 ikielekezwa usoni ni duara dogo kama kifungo cha shati, na macho yako yanapima umbali kutoka taa za nyuma za gari, ambazo ziko mita 2 au 4 mbele ya ile ncha. Ubongo unaambiwa "bado nafasi ipo" wakati nafasi imeisha. Mtu wa pikipiki hukutana na mzigo wa bodi kifuani, na ule ulioinuliwa juu ya keria unaelekea kwenye kioo cha daladala.

Kwa hiyo kazi si kuweka alama tu. Ncha inatakiwa igeuke kuwa kitu chenye upana. Tafuta kipande cha ubao, urefu kama wa mkono, kipake rangi nyekundu na nyeupe kwa mistari, kifunge kwa waya kukatiza ncha zote. Kwa kitendo hicho kimoja umezifunika ncha na umewapa walio nyuma kitu cha kuona. Nchini Uingereza mzigo unaotokeza nyuma zaidi ya mita 2 unadaiwa ubao wa alama wa aina hiyo, na ukipita mita 3.05 polisi waarifiwe kabla na awepo mtu wa kusaidia safarini. Ukitumia kitambaa, kiwe kitambaa kweli. Sheria ya Marekani kwa magari ya mizigo inataka bendera nyekundu au ya rangi ya chungwa inayong'aa, isiyopungua inchi 18 kila upande, karibu sentimita 46. Mzigo mpana unadai mbili, moja kila kona. Ile fulana iliyochanika, iliyofifia na kujaa vumbi, haifiki hata robo. Tawi la majani nalo liache. Kwetu majani barabarani yanasema kuna gari limeharibika mbele, na ukiyafunga kwenye nondo unampa mtu ujumbe mwingine.

Giza likiingia kitambaa hakipo. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tunapata jioni fupi. Dar es Salaam jua linazama kati ya saa 12 na saa 1 mwaka mzima, na baada ya hapo ni dakika chache tu. Weka masharti na suka kwamba gari litoke dukani kabla ya saa 10. Foleni ikiwashika hadi usiku, ncha inahitaji taa nyekundu na kiakisi chekundu, palepale kwenye ncha. Taa ndogo za betri zinazofungwa kwenye baiskeli zinasaidia. Na angalia kitu ambacho vibarua hawakiangalii kamwe: je, mzigo umefunika taa za breki, indiketa au namba ya gari?

Kwenye kona mkia una tabia inayowashangaza hata madereva wazoefu. Gari likikata kushoto, mkia unafyeka kulia. Kama ekseli ya nyuma inapita kwenye duara la nusu kipenyo cha mita 4, na ncha iko mita 4 nyuma ya ekseli hiyo, ncha itachora duara la mita 5.66. Imetoka nje ya njia ya gari kwa zaidi ya mita moja na nusu, yaani imevamia upande ambao bodaboda amesimama akisubiri, au pembezoni mwa barabara ambako mama anauza mihogo. Dereva hawezi kuiona kwenye kioo, kwa sababu macho yake yako anakoelekea. Utingo ashuke kwenye kona finyu, asimamishe watu, kona ikatwe polepole na kwa upana. Na asikae juu ya mzigo, hata kama ndivyo alivyozoea.

Upande wa sheria, usitegemee kubahatisha. Tanzania tunayo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, na askari anayekusimamisha ana haki ya kukagua ulivyopakia. Gari la kukodi la mizigo linapaswa kuwa na leseni ya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Malori makubwa yanabanwa pia na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo kwetu ilianza kutumika tarehe 1 Machi 2019. Mzigo unaopita vipimo vya kawaida unaombewa kibali maalumu cha mamlaka ya barabara kabla ya safari, TANROADS kwa barabara kuu za kwetu. Kwa kanuni ya jumla, shika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968, ambao Kenya imejiunga nao. Kifungu chake cha 30 kinataka mzigo usiburuze wala kuanguka, usizibe taa wala namba, usimzibe dereva macho, na kila kinachotokeza zaidi ya mita 1 mbele au nyuma kiwekewe alama wakati wote. Usiku mbele iwe taa nyeupe na kiakisi cheupe, nyuma vyekundu. Ukitimiza hayo, mazungumzo yako na trafiki yatakuwa mafupi. India ilikwenda mbali zaidi. Zamani iliruhusu mita 1 ya kutokeza, lakini mwaka 2014, baada ya suala la nondo zinazochomoza kufikishwa Mahakama ya Juu, serikali iliifuta ruhusa hiyo.

Soma pia bima. Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi, likibeba nondo za watu kwa malipo, linaweza kumwacha mwenyewe pabaya siku ya ajali, na kampuni ya bima haikosi kuuliza mzigo ulipakiwaje. Ukimkodi jirani mwenye pikapu ili kuokoa nauli, mkumbushe hilo.

Nanyi mnaofuata nyuma, hasa vijana wa bodaboda: kwenye taa msijipenyeze chini ya mkia wa nondo kwa ajili ya kivuli au nafasi. Simama mahali ambapo hata ukiangukia mbele ncha haikufikii, na gari likianza kukata kona usilipite upande wa nje.

Mkifika, kushusha nako kuna hatari yake. Nondo zilizokunjwa ni springi iliyofungwa, na ukikata kamba zinafunguka kwa nguvu. Watu wasimame pembeni, asiwepo yeyote mbele ya ncha wala ndani ya kona. Legeza kamba ya mwisho wa nyuma kwanza, ukiwa umeshika fungu, kisha za katikati, ya mbele iwe ya mwisho. Watoto wa jirani watakuwa wameshajaa, wasogezwe ng'ambo ya barabara. Ule ubao wa rangi mwachie suka. Atakuambia hauhitaji. Mpe hata hivyo, pamoja na taa.